John Kirk: Balozi aliyeonja sumu ya mshale, dunia ikapata dawa ya moyo

ANAYEPITA Marikiti, soko kongwe la Mji wa Kale wa Mombasa, hupokelewa na harufu ya iliki, mdalasini na pilipili manga. Soko hilo lilipewa jina la William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland ambaye kampuni yake iliendesha utawala wa pwani hii mwishoni mwa karne ya 19. Ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni, ipo Frere Town, ambako wenyeji wengi hupaita Kengeleni, na ambako jina la Sir Bartle Frere limesalia hadi leo. Nayo reli iliyobadili maisha ya Kenya nzima ilianza kutandazwa kutoka kisiwa hiki mwaka 1896.

Nyuma ya mambo hayo matatu alikuwapo mtu mmoja. Alikuwa mshirika wa Frere katika vita dhidi ya biashara ya watumwa, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Mackinnon, na mjumbe wa kamati iliyosimamia ujenzi wa reli. Mtu huyo ni Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja kwa miaka 20.

Vitabu vya historia humtaja Kirk hasa kwa ajili ya mkataba wa 1873, uliomfanya Sultan Barghash bin Said afunge soko la watumwa la Unguja. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa balozi alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea. Wachache zaidi hukumbuka kwamba mswaki wake uliopakaa sumu kwa bahati mbaya ulifungua njia ya dawa iliyotumika kutibu wagonjwa wa moyo kwa miongo mingi.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa upya wakati huu ambapo wanasayansi wanavumbua vitu vipya vya kutiwa mwilini mwa binadamu, na kila mara swali huwa lile lile: kitu hiki kitaponya au kitaua?

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1854. Huko pia aliipenda elimu ya mimea, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni.

Edinburgh ya wakati huo haikuwa chuo cha kawaida kwa mtu atakayekutana na sumu za Afrika. Mwalimu wa elimu ya dawa chuoni hapo alikuwa Robert Christison, ambaye mwaka 1829 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sumu. Mwaka 1855 Christison mwenyewe alitafuna sehemu ya haragwe la Calabar, ambalo lilitumiwa huko Afrika Magharibi kuwaapisha watuhumiwa wa uchawi. Nusura apoteze maisha, lakini aliandika yote aliyoyahisi mwilini. Katika chuo hicho ilikuwa imekwisha kuzoeleka kwamba sumu ni jambo la kupimwa, wala si la kuogopwa tu.

Baada ya kufanya kazi katika hospitali kuu ya mji huo, Kirk alikwenda Uturuki mwaka 1855 kuhudumia majeruhi wa Vita vya Crimea katika hospitali ya Waingereza iliyokuwa kando ya mlango wa bahari wa Dardanelles. Vita vilipokwisha alirejea kwao. Mwaka 1858 akateuliwa kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi.

Msafara huo uliwatesa wote waliokuwamo. Homa iliwaandama tangu mwanzo, mashua yao ilivuja, na viongozi wakagombana. Mwaka 1860, katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka, na maji yakachukua michoro, maandishi na sampuli za mimea alizozikusanya kwa jasho. Mwezi Aprili 1862, mkewe Livingstone, Mary, alifariki kwa homa huko Shupanga, huku Kirk akiwa miongoni mwa waliojaribu kumwokoa.

Katika safari hizo za bonde la Shire na pande za Ziwa Nyasa ndipo Kirk alipokutana na sumu iliyoitwa kombe. Wawindaji wa huko waliitengeneza kutokana na mbegu za mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Waliipaka kwenye shina dogo lililoshikilia chembe cha chuma, wakalichomeka shina hilo kwenye mwanzi. Mshale ulipomfikia mnyama, mwanzi ulidondoka na chembe kikabaki ndani ya nyama, kikiendelea kumwaga sumu katika damu.

Jambo lililomshangaza daktari yeyote ni kwamba wawindaji hao waliila nyama ya mnyama huyo bila kudhurika. Sumu iliyoweza kumwangusha nyati ilipoingia katika damu haikumdhuru mtu alipoila ikiwa kidogo ndani ya nyama. Wawindaji walikuwa wamekwisha kujua, kwa uzoefu wa vizazi, kwamba nguvu ya sumu hutegemea mlango inaoingilia mwilini. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa mahali popote, ila ilikuwa elimu kamili.

Kirk alikusanya sumu hiyo ili aichunguze. Kiasi fulani alikitia mfukoni, na mfuko huo huo ndimo alimoweka mswaki wake. Siku moja alipokuwa akipiga mswaki alihisi uchungu kinywani. Hakushtuka, kwa sababu mpini wa mswaki huo alizoea kuutumia wakati wa kunywa kwinini, dawa ya malaria iliyo chungu kama shubiri.

Wakati huo alikuwa na mafua, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yamepanda. Mara mapigo hayo yakashuka. Kesho yake akawa mzima kabisa. Mtu mwingine angelisahau jambo hilo, au angelimshukuru Mungu kwa kupona na kuendelea na safari. Kirk, mwanafunzi wa Edinburgh, alitambua maana yake: sumu inayousimamisha moyo wa mnyama ilikuwa imeupunguza mwendo moyo wa binadamu, na kiasi kilikuwa kidogo mno.

Ajali si ugunduzi mpaka apatikane mtu wa kuifuatilia. Kirk alihakikisha kwamba sumu na mmea wake vinafika Uingereza. Mwaka 1871 mtaalamu Daniel Oliver wa bustani ya Kew, London, aliupa mmea huo jina la kisayansi la Strophanthus kombe. Jina la sumu, kama lilivyotamkwa na wawindaji, likaingia katika orodha ya mimea ya dunia. Majina ya wawindaji wenyewe hayakuingia popote.

Wakati huo Kirk alikuwa na makao mapya. Alifika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza. Mwaka uliofuata alimwoa Helen Cooke. Hatua kwa hatua alipanda vyeo, na kufikia 1873 alikuwa balozi mkuu. Alijenga urafiki wa karibu na Sultan Barghash, aliyetawazwa mwaka 1870, hata ikawa vigumu kujua mahali ushauri wa balozi unapokoma na amri ya Sultan inapoanzia.

Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshurutisha Sultan akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na hazina yake ilikuwa imedhoofika. Frere aliondoka mikono mitupu. Kirk ndiye aliyebaki, na ndiye aliyepeleka tishio la manowari kuizingira Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan akatia saini, na soko la Mkunazini likafungwa.

Mwambao wa Mombasa ulilihisi tukio hilo upesi. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha Frere Town, ng'ambo ya Mji wa Kale, wapate kuwapa makao watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mwezi Januari mwaka huo huo, manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, ziliishambulia kwa mizinga Ngome ya Yesu, ambamo Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama al-Akida, alikuwa amejifungia akimwasi Sultan. Mji wote uliona jinsi mamlaka ya Unguja yalivyokuwa yakiegemea bunduki za Waingereza.

Hapo Kirk alijikuta katika shida isiyo na suluhisho jepesi. Watumwa wa mashambani waliposikia kwamba ng'ambo ya maji kuna makao ya walio huru, walianza kutorokea huko. Mabwana wa Mombasa walikasirika. Mkataba ulikataza biashara ya baharini, lakini haukufuta utumwa wenyewe, na Kirk aliwaonya wamisionari wasiwapokee watoro. Mtu aliyesifiwa Ulaya kwa kuwakomboa watumwa ndiye aliyelinda haki ya bwana juu ya mtumwa katika pwani hii. Utumwa haukukoma kisheria katika mwambao wa Kenya hadi 1907.

Kwa hiyo, si haki kumsimulia Kirk kama malaika, wala si haki kumsimulia kama mkoloni tu. Alikuwa mtumishi wa dola iliyopima faida yake kila siku, na pia alikuwa mtafiti ambaye katika shamba lake la Mbweni alipanda na kuchunguza mimea ya pembe zote za dunia. Kima punju wa Unguja na mmoja wa paa wadogo wa Afrika Mashariki wamebeba jina lake katika sayansi hadi leo.

Huku Kirk akishughulika na siasa za mwambao, sumu ya kombe ilikuwa ikichunguzwa katika chuo alikosoma. Thomas Richard Fraser, aliyekuwa msaidizi wa Christison na aliyerithi kiti chake mwaka 1877, aliitia sumu hiyo katika vyura na wanyama wengine. Aliona kwamba inagonga moyo moja kwa moja. Kwa kiasi kikubwa, moyo hujikaza na kusimama ukiwa umekazana vivyo hivyo. Kwa kiasi kidogo, moyo dhaifu husukuma damu kwa nguvu zaidi na kwa mwendo wa utulivu zaidi.

Fraser alitenga kiini cha sumu hiyo na kukiita strofanthini. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa moyo kwa dawa hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilikuwa ikiiuza. Mwaka huo huo Kirk aliondoka Unguja.

Lakini safari ya sumu kuwa dawa haikuishia dukani. Uhitaji ulipopanda, mbegu za aina mbalimbali za mmea huo zilianza kuchanganywa katika biashara, na kila aina ilikuwa na nguvu zake. Chupa mbili zenye jina moja zingeweza kutofautiana sana. Isitoshe, dawa hiyo ilipomezwa ilifyonzwa kidogo na kwa namna isiyotabirika. Mgonjwa mmoja alipata nafuu, mwingine hakupata chochote, na wa tatu alidhurika.

Wawindaji wa Shire wangeliweza kueleza sababu, kama kuna mtu angeliwauliza. Wao walikuwa wakijua tangu zamani kwamba sumu hii hufanya kazi katika damu, si tumboni. Ilichukua hadi mwaka 1906 kabla ya daktari Mjerumani, Albert Fraenkel, kuchapisha matokeo ya kuidunga strofanthini katika mshipa wa damu. Nusu ya miligramu, au chini ya hapo, ilitosha kubadili hali ya mgonjwa aliyekuwa akihema kwa shida kitandani. Kiasi hicho ni kidogo mno. Kikizidi kidogo tu, mapigo huvurugika na moyo husimama.

Jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi ilifahamika baadaye sana. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, aliyekuwa akichunguza neva za kaa, alieleza juu ya pampu ndogo iliyo katika ngozi ya kila seli, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sumu za jamii ya strofanthini huiziba pampu hiyo. Sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, kalsiamu nayo huongezeka, na msuli hujikaza kwa nguvu zaidi. Pampu chache zikizibwa, moyo dhaifu husaidika. Zikizibwa nyingi, moyo hupoteza mdundo wake. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Msomaji wa Mombasa asidhani kwamba habari hii ni ya Ziwa Nyasa na Ulaya peke yake. Bara ya Mombasa na Malindi ina sumu iliyo ndugu ya kombe. Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu au Wasanye, pamoja na Wagiriama na Wakamba, walichemsha kwa saa nyingi vipande vya mti wa jamii ya Acokanthera mpaka vikatoa uji mweusi mzito kama lami. Waliupaka kwenye mishale, kisha wakaifunika kwa ngozi laini ili sumu isikauke na kupoteza nguvu.

Wagiriama waliifanya sumu hiyo kuwa bidhaa na kuwauzia wengine. Kwa mishale hiyo Waata waliwaangusha ndovu, na pembe zikashuka pwani hadi katika bandari ya kale ya Mombasa, zikapakiwa majahazini. Sehemu kubwa ya utajiri wa mji huu, na milango ya mbao iliyochongwa ambayo wageni huja kuipiga picha, ina deni kwa moyo wa ndovu uliosimamishwa na kijiko cha uji mweusi.

Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kiini cha sumu ya mti wa jamii hiyo, nacho kikaitwa wabaini, kutokana na jina la Kisomali la sumu hiyo. Ni hiyo wabaini iliyowasaidia wanasayansi waliomfuata Skou kuielewa pampu ya seli. Kwa maneno mengine, sumu ya mishale ya Afrika Mashariki ikawa ufunguo wa chumba kilichofichika ndani ya mwili wa kila mwanadamu.

Yupo pia mnyama aliyewatangulia wote. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walieleza juu ya panya mkubwa mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gamba la Acokanthera na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata panya huyo huweza kufa. Panya mwenyewe hutafuna sumu ile ile na huendelea na shughuli zake. Kitu kimoja, miili miwili, majibu mawili.

Kirk hakuishi kuyaona yote hayo, lakini hakustaafu kukaa kimya. Baada ya ushindani wa Wajerumani na Waingereza kumvua Sultan sehemu kubwa ya bara na kumwachia ukanda wa pwani wa maili 10, kampuni ya Mackinnon ilipata ruhusa ya kuusimamia mwambao wa Mombasa mwaka 1887 na hati ya kifalme mwaka 1888. Kirk alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake. Mwaka 1889 na 1890 aliiwakilisha Uingereza katika mkutano wa Brussels juu ya biashara ya watumwa. Baadaye akaingia katika kamati ya reli ya Uganda, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901.

Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89. Wakati huo strofanthini ilikuwa imekwisha kuwa silaha ya kawaida mikononi mwa madaktari wa moyo, hasa Ujerumani. Siku hizi nafasi yake imechukuliwa zaidi na digoksini, dawa ya mmea mwingine inayofanya kazi kwa kuiziba pampu ile ile, na ambayo nayo hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Mtu anaweza kuuliza: kisa cha mswaki wa zaidi ya miaka 160 iliyopita kinatuhusu nini leo? Jibu linapatikana, kwa namna ya ajabu, katika mji ule ule wa Edinburgh.

Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima alieleza juu ya mirija ya kaboni iliyo myembamba kiasi kwamba upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kaboni ndiyo hiyo iliyomo katika makaa ya jikoni na katika risasi ya penseli. Lakini ikipangwa katika mirija hiyo huwa imara kupindukia na hupitisha umeme vizuri. Wataalamu wa tiba waliitazama kwa matumaini makubwa: pengine ingebeba dawa hadi ndani ya uvimbe wa saratani, ingeshikiza mfupa uliovunjika, au ingeunganisha neva na mitambo.

Wengi walidhani kwamba kaboni haiwezi kumdhuru mtu, maadamu miili yetu yenyewe imejengwa kwa kaboni. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililomhusisha Ken Donaldson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh liliamua kupima badala ya kudhani. Waliitia mirija hiyo katika utando wa ndani wa matumbo ya panya wa maabara. Mirija mirefu iliyonyooka ilizua uvimbe na makovu kama yale yanayoletwa na nyuzi ndefu za asbesto, kitu kilichoezekea majengo mengi ya zamani kabla ya madhara yake kujulikana. Mirija mifupi, au iliyojiviringa, haikufanya hivyo.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mwili una seli walinzi zinazomeza uchafu na kuuondoa. Mrija mfupi humezwa. Mrija mrefu kuliko mlinzi mwenyewe hauwezi kumezwa. Hubaki umekwama, na jitihada za mwili za kuuondoa ndizo zinazougua kidonda. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kuhusu aina nyingine, lilisema ushahidi hautoshi kuamua.

Hapo ndipo Kirk anaporudi. Kaboni si salama wala si hatari kwa jina lake, kama vile kombe haikuwa sumu wala dawa kwa jina lake. Inategemea urefu wa mrija, usafi wake, kiasi kilichotumika, mahali ulipoingilia na muda utakaokaa mwilini. Mwindaji wa Shire aliyajua mengi ya hayo juu ya mshale wake. Fraser aliyapima kwa vyura. Fraenkel aliyapima kwa sindano. Kila mmoja alilipa, au alilipiwa na mwingine, gharama ya kujua.

Na gharama hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Kati ya mswaki wa Kirk na sindano ya Fraenkel ilipita zaidi ya miaka 40, na katika miaka hiyo wapo wagonjwa waliopewa dawa ambayo nguvu zake hakuna aliyezijua kwa hakika. Haikuwa kwa sababu ya ubaya wa madaktari. Ilikuwa kwa sababu dawa ilitangulia vipimo sokoni. Asbesto nayo ilitangulia vipimo mapaani. Vitu vipya vya leo vitafika Mombasa kama vilivyofika vingine vyote, kwa meli na kwa ndege, vikiwa na maandishi mazuri juu ya boksi.

Mgonjwa anayelala hospitalini hana njia ya kuvipima yeye mwenyewe. Anategemea kwamba mahali fulani, kabla ya boksi kufungwa, mtu aliuliza ni kiasi gani, kupitia mlango upi, na kwa mwili wa nani. Anategemea pia kwamba waliotangulia kukijua kitu hicho, hata kama hawana vyeti wala maabara, walisikilizwa.

Katika hilo Kirk alifaulu nusu. Aliichukua sumu ya wawindaji kwa uzito unaostahili, akaihifadhi, akaituma ipimwe, wala hakuipuuza kuwa ni uchawi wa porini. Lakini hakutuachia jina hata moja la waliomfundisha. Mackinnon alipata soko, Frere akapata mji, na Kirk mwenyewe akapata kima wa Unguja. Wale waliojua kwamba moyo husimamishwa kwa damu na si kwa tumbo walipata neno moja tu katika vitabu vya mimea: kombe.